Mpira au upanga

Ilikuwa Jumamosi usiku, umeme umekatika tangu magharibi na joto la Tanga mnalijua lenyewe, nikawa nimejilaza kwenye mkeka sebuleni mlango wazi, tableti imebakiza chaji kidogo, nasoma zangu manga, vile vitabu vya katuni vya Kijapani. Mwanangu ana miaka saba. Nilidhani kalala, kumbe yuko macho, akaja kujipenyeza kwapani kwangu na yeye akaanza kuangalia picha.

Ukurasa wenyewe ulikuwa ule.

Waliosoma Lone Wolf and Cub, ile manga ya samurai na mwanawe, washajua. Ogami Itto, mke wake kashauawa, jina lake kashachafuliwa, kakaa chini na mbele ya mtoto kaweka vitu viwili, upande mmoja upanga, upande mwingine mpira, ile mipira ya Kijapani inayofumwa kwa nyuzi za rangi. Daigoro mwenyewe bado anatambaa.

"Mama, huyu mtoto anafanyaje?"

Nikamweleza nilivyoweza. Nikamwambia baba yake anataka achague, akienda kwenye upanga wataondoka pamoja wakalipe kisasi, akienda kwenye mpira baba yake atamuua, amfuate mama yake alikotangulia.

"Anajua kwamba akishika mpira anakufa?"

Hajui, nikamwambia, bado mdogo, hata baba yake anasema humo humo kwamba mtoto haelewi maneno yake.

Kimya. Nikadhani yameisha.

"Sa kama hajui, kaweka mpira wa nini?"

Akageuka akalala. Mimi nikabaki natumbulia macho dari, na leo ni wiki ya tatu.

## Risiti ya baba

Sikilizeni, hii kitu nimeisoma yote mara mbili. Volyumu 28. Kazuo Koike kaandika, Goseki Kojima kachora, 1970 mpaka 1976. Huo ukurasa wa mpira na upanga nimeulilia, nimewahi hata kuuweka profaili, nimewatumia watu nikiwaambia ona uchungu wa baba. Siku zote nimeusoma nikiwa upande wa baba, maana Kojima anakuchorea uso wa baba vizuri sana, ile taya iliyokaza, yale macho. Mtoto unamuona mgongo na vidole.

Sasa mwanangu kasoma upande wa vidole.

Nikaanza kujipa majibu. Kwamba Ogami kaacha uamuzi kwa mbingu. Kwamba kuua mtoto ilikuwa huruma kwa sababu adui wangemuua vibaya zaidi. Haya majibu yote yanajibu kwa nini kaweka upanga. Mpira hayaugusi kabisa, maana kama una shida ya kweli na safari ni ngumu, mbebe mtoto uondoke naye, au muache kwa jirani, kwani nani atakuuliza?

Jibu lililobaki kila nikilifukuza ni hili: mpira umewekwa ili baba awe na risiti. Ili huko mbele, mtoto akishaona damu ya kutosha, baba aweze kusema mwanangu sikukuburuta, ulichagua mwenyewe, mkono wako ndo ulioshika.

Na Daigoro anaona damu ya kutosha. Anasukumwa kwenye kile kigari cha mbao kilichofichwa silaha, baba anapokea kazi za kuua kwa ryo 500, sarafu za dhahabu, kila kichwa, na mtoto wakati mwingine anatumika kama chambo. Kuna kisa amebaki peke yake kwenye nyika, moto unakuja, na yeye anajifukia kwenye matope mpaka moto upite juu yake. Halii. Mara ya kwanza kusoma nilisema dah, huyu dogo ni mwamba. Mara hii nikamwangalia mwanangu anavyolia akikatwa kucha.

## Deni linashuka, halipandi

Basi nikaingia kusoma historia yenyewe, usiku kwa usiku, bando limeisha mara mbili.

Wengi tunadhani kisasi cha samurai kilikuwa vurugu tu, mtu kachukia kachomoa upanga. Hapana bwana. Enzi za Edo, Japani ikiwa chini ya shogun, mtawala wa kijeshi, kilikuwa na makaratasi. Kinaitwa katakiuchi, na samurai anayetaka kukifanya alitakiwa kuomba ruhusa kwa bwana wake, na kama adui kakimbilia eneo la bwana mwingine basi na serikali ya shogun inaarifiwa, jina lako linaandikwa kwenye daftari, unapewa hati. Ukimpata mtu wako ukamuua, wanakuja maafisa wanakagua, wakikuta uko daftarini unaenda nyumbani. Na ndugu wa aliyeuawa hawaruhusiwi kulipiza kwako, mambo yanaishia hapo.

Nilivyosoma hapo nikasema hawa watu walikuwa na akili.

Alafu nikafika kwenye kipengele cha nani anamlipia nani.

Unaruhusiwa kumlipia kisasi baba. Mama. Kaka mkubwa. Bwana wako. Yaani yeyote aliye juu yako. Lakini baba hawezi kuomba ruhusa ya kumlipia mwanawe, na kaka hawezi kumlipia mdogo wake. Mkubwa akiuawa, mdogo anadaiwa. Mdogo akiuawa, mkubwa anazika.

Nilirudia kusoma mara kadhaa nikidhani nimekosea.

Kipo kisa kimoja mashuhuri sana, cha mwaka 1634 kule Iga, ambapo Watanabe Kazuma alimlipia mdogo wake aliyeuawa, na yupo na shemeji yake Araki Mataemon ambaye ndo kabeba sifa zote. Lakini hata hapo ilibidi kupinda, kwa sababu bwana wake Kazuma alikufa akiwa ameacha wasia kwamba muuaji apatikane, kwaiyo kisasi kikahesabika ni cha bwana. Mdogo mtu peke yake hakutosha kuwa sababu.

Sasa linganisha na huku kwetu. Hili neno kisasi tumelitoa kwenye Kiarabu, qisas, na yeyote aliyekaa chuoni kidogo anajua kwamba huko mwenye damu yake ana njia tatu, alipize, apokee dia, au asamehe, na kusamehe ndo kumepewa daraja. Yaani kuna mpira wa kweli pale. Mtoto wa samurai hakuwa na mlango huo, au tuseme ulikuwepo kwenye karatasi lakini akiupita anakuwa si mtu, wengi hawakuweza hata kurudi nyumbani kwa heshima kabla hawajampata adui.

Kuna mmoja, Kume Kotaro. Baba yake aliuawa mwaka 1817 yeye akiwa mtoto mdogo. Alikuja kumpata muuaji mwaka 1857. Miaka 40. Na alipompata, yule mtu alikuwa ni kizee, kashakuwa mtawa.

Nikijaribu kumchora kichwani huyo Kotaro, sioni shujaa. Namuona mtu wa makamo, magoti yanauma, anamtazama babu mwenye kichwa kilichonyolewa, na wote wawili wanajaribu kukumbuka.

## Aliyezaliwa kwa kazi moja

Koike huyo huyo, kabla hajamaliza ya Ogami, mwaka 1972 akaanza Lady Snowblood, safari hii mchoraji ni Kazuo Kamimura. Ina mistari mizuri mpaka inaudhi, theluji nyeupe, damu, mwavuli wenye upanga ndani. Si samurai kamili, ni zama za Meiji, baada ya utawala wa shogun kuisha, lakini damu ni ile ile.

Yuki kazaliwa gerezani. Mama yake mume kauawa, mtoto wa kiume kauawa, yeye kafanyiwa unyama, kamuua mmoja wa wabaya wake na kafungwa maisha. Hawezi kutoka. Kwaiyo anafanyaje? Anawaendea walinzi wa gereza, mmoja baada ya mwingine, ashike mimba, azae mtu wa kwenda nje kumalizia.

Huyu hata mpira hakuwekewa.

Na nisiwafiche, sehemu hii nilikuwa naipenda kwa sababu ni mwanamke, nikiwa binti wa miaka 20 nilikuwa nimechoka kusoma wanawake wanaouawa kwenye chapta ya kwanza ili mwanaume apate sababu ya kukunja sura. Yuki alinifurahisha roho. Ila sasa nishazaa. Najua miezi tisa ilivyo. Nikafikiria mama anapapasa tumbo mle gerezani anamwambia kitoto kilichomo majina matatu ya watu, na nikafunga tableti nikaenda kufua, saa nne usiku, jirani akaniuliza kwa dirisha kuna nini.

## Mzee wa Fuso

Ngoja niseme hili sasa, maana nimelizunguka.

Sisi kwetu kuna mzee mmoja. Simtaji. Yeye na marehemu baba walinunua Fuso kwa kushirikiana, nusu kwa nusu, kubeba mizigo Tanga na Dar, mimi nikiwa darasa la pili. Siku moja gari likaenda Dar halikurudi, mzee kaliuza, hela hazikuonekana. Baba hakushtaki. Hakwenda kwa mganga. Alikaa barazani akatuita watoto akasema, "Nyie wanangu msije mkasahau."

Basi tu. Sentensi moja.

Kiukweli aliyetazamwa wakati inasemwa ni kaka yangu, mimi wa kike nilikuwepo kwa sababu nilikuwa nimeleta chai. Kaka alikuwa na miaka kumi na moja. Kaka huyu huyu ndo aliyenifundisha manga, alirudi nazo kutoka Dar zimejaa kwenye fleshi, akanionyesha zinasomwa kulia kwenda kushoto, nikamwambia kama msahafu, akacheka sana. Ni mtu mpole. Ila akimuona yule mzee sokoni anavuka barabara, na miaka yote hii hajawahi kumsalimia yeyote wa nyumba ile, hata watoto waliozaliwa baada ya Fuso.

Hatujaua mtu jamani. Hatujachoma duka. Ni salamu tu tumenyima. Lakini mnajua kunyima salamu ni nini huku Pwani.

Na mwezi jana, mezani, Jumapili, nilimsikia kaka anamwambia mwanangu: "Yule mzee wa duka la pale kona, ukipita usimpe shikamoo." Mtoto akauliza kafanya nini. Kaka akasema, "Mjomba wako nakwambia."

Nikaendelea kupakua wali.

## Mtoto wa mchonga vinyago

Ukitaka manga iliyolijua hili jambo mapema na ikalikodolea macho bila aibu ni Blade of the Immortal ya Hiroaki Samura. Ilianza 1993 ikaisha 2012. Manji ndo wa kwenye jalada, yule asiyekufa, ana minyoo mwilini inamshona vidonda, na kaahidi kuua waovu elfu moja ili apate kufa. Sawa. Lakini hadithi ni ya Rin. Binti wa miaka 16, wazazi wake waliangamizwa na kundi la Itto-ryu, na yeye kamkodi Manji amsaidie kumpata mkubwa wao, Anotsu.

Na huyo Anotsu ukimfuatilia, naye ni mtoto wa kisasi. Babu yake alifukuzwa kwenye chuo cha upanga cha ukoo wa Rin, na uchungu wa babu ndo aliolelewa nao. Yaani walivyoingia nyumbani kwa kina Rin usiku ule, walikuwa wanalipa. Kila mtu humo analipa. Ukiuliza nani alianza unaishia kwa marehemu wawili wazee ambao hakuna aliye hai anayekumbuka sauti zao.

Kipande kilichonimaliza ni cha Kawakami Araya. Ni mmoja wa waliokuwepo usiku ule, na alimfanyia mama yake Rin yale ambayo sitayaandika. Rin anamkuta kashaacha hayo mambo, anachonga vinyago, analea mtoto wa kiume anaitwa Renzo. Na Rin kaanza kuzoeana na Renzo kabla hajajua ni mtoto wa nani.

Hapa Samura anafanya kitu ambacho Koike hakukifanya, anamsimamisha mlipaji kisasi katikati ya njia anaanza kusitasita. Rin anajua kabisa akimuua huyu baba atakuwa anatengeneza Rin mwingine. Haki anayo. Hasira anayo. Mtoto yupo pale.

Araya anakufa hata hivyo, kwa mkono wa Manji.

Na Renzo hapotei kama wanavyopoteaga watoto wa maadui kwenye hadithi za namna hii. Anarudi mbele huko, na chuki yake mwenyewe mkononi. Nilivyosoma zamani nilimuona msumbufu, nikawa naruka kurasa zake nifike kwenye mapigano. Safari hii nilimtafuta yeye tu.

Rurouni Kenshin nayo ina mlolongo huu, Kenshin kamuua mchumba wa Tomoe, Tomoe kaja kulipiza akaishia kumpenda, Tomoe akafa kwa upanga wa Kenshin huyo huyo, mdogo wake Enishi akaona kwa macho yake akiwa mtoto, akakua na hiyo picha. Ni nzuri ila Enishi kachorwa kama kichaa kuanzia mwanzo, misuli kila mahali, kwaiyo inakuwa rahisi kumkataa. Renzo huwezi kumkataa.

## Sheria ikabadilika njiani

Mwaka 1873 serikali ya Meiji ikapiga marufuku katakiuchi. Kuua ni kuua, kazi ya kuadhibu ni ya serikali, kwisha.

Sasa kulikuwa na kijana anaitwa Usui Rokuro. Wazazi wake waliuawa usiku nyumbani kwao Akizuki, Kyushu, mwaka 1868, yeye ana kama miaka kumi. Alikuwa anakua akijua kazi yake ni nini. Akiwa bado hajafikisha umri sheria ikafutwa. Mtu aliyemuua baba yake, Ichinose Naohisa, akawa jaji kabisa kwenye serikali mpya.

Rokuro hakubadilika na sheria. Desemba 1880 alimuua Ichinose mjini Tokyo, alafu akajipeleka mwenyewe polisi.

Angekuwa kafanya miaka kumi nyuma angesifiwa, pengine angeigizwa jukwaani. Alihukumiwa kifungo cha maisha. Akatoka baada ya kama miaka kumi, na watu wengi walimuonea huruma, lakini hebu fikiria: deni alikabidhiwa na dunia moja, akaja kulilipa kwenye dunia nyingine ambayo haitambui hela ile.

Na hadithi hizi zina nguvu jamani. Baada ya vita, mwaka 1945, Wamarekani waliokuwa wanaitawala Japani walizizuia hadithi za kisasi cha kumlipia bwana, mpaka Chushingura, ile ya maronini 47, samurai waliobaki bila bwana, ikakatazwa kwenye tamthilia za kabuki hadi 1947. Waliogopa watu watapata mawazo. Nikacheka, maana kama kuna hadithi inayoweza kumkatisha mtu tamaa ya kisasi ni hiyo, wanasubiri karibu miaka miwili, kiongozi wao Oishi anajifanya mlevi huko Kyoto, wanamuua mzee Kira, adui wa bwana wao, usiku wa baridi kali, alafu 46 kati yao wanaamriwa wajikate matumbo mwaka 1703. Kati yao yumo mtoto wa Oishi mwenyewe, Chikara. Kijana wa miaka kumi na tano hivi. Wamelala Sengaku-ji, Tokyo, na watu bado wanapeleka ubani.

Kuhusu Chikara sijawahi kukuta mtu anauliza kama aliwekewa mpira.

## Nilichodhani ni jibu

Wiki ya pili nikadhani nimepata jibu. Nilirudi kwenye mwisho wa Lone Wolf and Cub (naharibu utamu hapa, ruka kama hujafika, ingawa ina miaka hamsini). Ogami anafia ufukweni, pambano halijaisha. Adui, Yagyu Retsudo, mzee ambaye watoto wake wote wameshauawa na Ogami, kabaki amesimama. Na Daigoro anaokota mkuki uliovunjika wa baba yake, anakimbia nao, kitoto kile, na Retsudo anamuona anakuja.

Anapanua mikono.

Anaacha mkuki umuingie, anamkumbatia mtoto, anamuita mjukuu wake.

Zamani nililia kwa sababu ya upatanisho. Nikasema ona, adui kamkumbatia. Juzi nikamuona Retsudo vingine: huyu ni mtu mzima wa kwanza kwenye volyumu 28 anayechukua deni likaishia kwake. Kakataa kulishusha. Watoto wake wameisha, angeweza kabisa kumsukuma yule mtoto pembeni kwa teke, akaachia jambo libaki, akaondoka. Yeye kalipokea kifuani.

Nikafurahi nimepata jibu zuri la kublogu, nikaanza kuandika kabisa.

Alafu nikamfikiria Daigoro kesho yake asubuhi. Umri wake miaka mitatu, minne, baba kafa, kashaua mtu, na mtu aliyemuua ndo aliyemkumbatia mara ya mwisho. Manga inaisha hapo, Koike na Kojima hawachori kesho yake. Nikafuta nilichoandika.

Labda ndo maana siku hizi naipenda Vagabond kuliko zote, ya Takehiko Inoue, na ni Vagabond ambayo imesimama tangu 2015 na hatujui lini itaendelea. Musashi, yule mpiga upanga, anapigana na watu 70 wa chuo cha upanga cha Yoshioka, wamekuja kulipia heshima ya wakubwa wao, anawaua, ukurasa baada ya ukurasa mpaka unachoka wewe msomaji, na mguu wake unaharibika. Na baada ya hapo Inoue anampeleka kijijini kwenye ardhi mbovu, anamkuta mtoto yatima, Iori, na wanalima. Wanalima kweli, jembe, maji, njaa, chapta kwa chapta. Kuna watu waliiacha hapo wakisema imeboa. Mimi ndo nilipoamka. Mtu ambaye kila mtu anataka kumuua, anahangaika na udongo, na mtoto pembeni anamwangalia mikono.

Haina kisasi hiyo sehemu, kwaiyo hata sijui kwa nini naileta hapa. Naileta tu.

## Koki

Jumatano iliyopita koki ya bomba la uani ikakatika, maji yanamwagika hovyo, fundi anasema nileteeni koki ya nusu inchi sasa hivi. Duka la karibu ni la kona. La mzee.

Miaka yote natembea mpaka barabara ya pili kununua hata msumari. Siku hiyo maji yanamwagika, nikamshika mwanangu mkono tukaenda.

Mzee kazeeka kweli. Miwani imefungwa kwa uzi. Anapima waya na mkono unatetemeka. Tulivyofika kwenye kaunta mwanangu akaniangalia. Hakusema kitu, ila nilijua anachouliza, na nilijua kabisa kwamba nikimkunjia uso tu kidogo, atanyamaza, na nikitabasamu atasalimia, na vyovyote vile baadaye nitasema kachagua mwenyewe.

Nikaangalia koki zilizoning'inia ukutani.

Sijui muda gani ulipita. Nikasikia pembeni yangu, kwa sauti ile ya chuoni, "Shikamoo babu."

"Marahaba. Hujambo?" Akainama kwenye kaunta amuone vizuri. "Mtoto wa nani wewe?"

Mwanangu akanigeukia mimi nijibu. Nikataja jina la marehemu baba, nikasema ni mjukuu wake.

Mzee akaweka waya chini. Akatoa miwani, akaifuta kwa kanzu, akaivaa tena, na muda wote huo hakunitazama mimi. Akachukua koki, si zile za ukutani, akainama chini ya kaunta akatoa nyingine kwenye boksi, akaizungusha mara mbili tatu kuhakikisha haikwami. Akasema elfu nane na mia tano. Nikampa elfu kumi.

Akamhesabia chenji mtoto mkononi, polepole, mia tano, mia tano, mia tano.

Tulipokata kona nikamwambia mwanangu anipe, nikaihesabu tena.

Ilikuwa kamili. Kaka bado sijamwambia.